Mfadhili Si Mkwe

Chepkirui hakuzaliwa na maneno makali. Aliyaokota njiani, kama leso inavyookota vishona nguo mtu anapokatiza shamba lililoachwa. Ukimsikia akigombana na muuza makaa pale mtaani Rhonda, ungeapa kwamba huyu mama hajui neno asante. Lakini kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, husimama mlangoni na kumshukuru Mungu kwa sauti, na majirani humsikia. Hushukuru kwa ajili ya mlango na paa, kwa ajili ya Mama Kui, na kwa ajili ya kila mtoto kwa jina lake. Akifika mwisho husema, "Na wale wa Olenguruone nimekuachia wewe. Najua wewe si msahaulifu."

Olenguruone ndiko alikoolewa. Huko juu ukungu hushuka mpaka kwenye matuta ya viazi, na ng'ombe hukamuliwa mkamuaji akipuliza vidole vipate joto. Alilima shamba la mumewe, Kemboi, tangu akiwa msichana mpaka nywele zikaanza kuota mvi. Mungu aliwapa binti mmoja tu, naye akaolewa mbali. Kemboi alipokufa, shemeji yake Kimutai aliita wazee wa ukoo waje kukaa kikao uani. Chepkirui ndiye aliyewapikia chai.

Alikuwa akipita na birika, kikombe hadi kikombe, Kimutai aliposimama na kusema, "Wazee, mama huyu ameamua kurudi kwao. Ni kwa hiari yake. Shamba sasa litabaki mikononi mwa ukoo."

Chepkirui alisikia kila neno, na birika ilikuwa mkononi. Hakuna aliyemgeukia kumuuliza. Naye alikuwa amelelewa kwamba mjane mwenye adabu hakatizi kikao cha wazee, kwa hiyo akamimina chai kikombe kilichofuata, na kilichofuata tena. Wazee walikunywa, wakaisifu kwamba ina maziwa ya kutosha, wakamfukuza. Baadaye sana, mjini, watu waliosoma walimwambia kwamba sheria ilikuwa upande wake. Aliwajibu kwamba sheria hiyo ingekuwa na huruma ingepanda gari ije Olenguruone siku ile. Yeye hajawahi kuingia darasani, wala hakuna aliyemtangazia.

Alifika Nakuru na mfuko mmoja, akaanza kuzunguka Rhonda akiuliza nyumba hadi nyumba kama kuna nguo za kufua. Siku moja, akianika nguo za watu kwenye ploti moja, alisikia sauti ikitoka nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli. Haikuwa kilio cha mtoto mchanga, na haikuwa maneno. Aliuliza jirani, akaambiwa, "Achana nayo. Ni mtoto wa mama wa mboga. Ni mgonjwa, hatembei. Mama yake humfungia akienda soko."

Chepkirui alimaliza kuanika, kisha akaketi chini na mgongo ukiegemea mlango ule, akaimba. Sauti ya ndani ikapungua, ikatulia. Aliendelea kuimba mpaka mwenye nyumba akarudi, gunia tupu begani, akasimama juu yake kama askari.

"Wewe ni nani? Unatafuta nini mlangoni kwangu?"

"Mtoto wako alikuwa analia."

"Najua analia! Kwani mimi ni kiziwi? Nisipoenda soko atakula nini?"

"Sijakuuliza kitu, mama. Nimekuambia tu alikuwa analia. Sasa amelala."

Mwanamke yule aliweka sikio kwenye mlango. Kimya. Mabega yake yakashuka.

"Umemwimbia nini?"

"Wimbo wa kukamulia ng'ombe."

"Kwa hiyo mtoto wangu sasa ni ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu walinisikiliza kuliko watu."

Mama wa mboga alicheka, kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na akawa anahangaika na ufunguo bila kuona tundu la kufuli. Huyo ndiye Wangeci, ambaye mtaa mzima humwita Mama Kui. "Ingia basi," alisema. Katika maisha yake yote Chepkirui amewahi kuambiwa maneno mengi, lakini hayo mawili ndiyo aliyoyashukuru zaidi.

Kikundi kilianza hapo. Kumbe nyuma ya milango mingine ya Rhonda kulikuwa na watoto wengine kama Kui, wale ambao misuli yao haikutii, na mama zao waliwafungia kwa aibu na kwa kukosa la kufanya. Mmoja mmoja walisikia kwamba kuna mama Mkalenjin mwenye mdomo mchungu na mikono mizuri. Wakaja. Walikiita kikundi chao Bebana. Mzee Hiram aliwakodisha nyumba yake ya mabati yenye vyumba viwili. Kile cha mbele kikawa cha watoto, kile cha nyuma akalala Chepkirui. Mama waliuza mboga na kufua nguo mjini wakiwa na amani, na kila mmoja alichukua zamu ya kusaidia. Watoto walimwita Chepkirui Gogo, yaani bibi kwa Kikalenjin, wale walioweza kuita.

Kwa kuwa mtoto asiyeweza kuketi hawezi kumeza vizuri, kina mama walibuni viti. Walichukua mitungi mikubwa ya plastiki, wakaikata ubavu kwa kisu cha moto, wakashona vipande vya sweta kuukuu ndani ili mtoto akae wima bila kuumia. Vilikuwa viti vya ajabu kutazama, vya njano na bluu, vimechanjwachanjwa, lakini Kui aliketi ndani yake akauona uso wa mama yake bila kulazwa, kwa mara ya kwanza.

Kisha Hiram akaja siku moja na kofia mkononi. Kijana wake alikuwa amepata pesa za kujenga ghorofa. Nyumba ya mabati ingebomolewa. Hiram hakuwa mtu mbaya. Hilo Chepkirui alilikubali kwa shingo upande. Aliwapa muda, hata alitokwa na machozi kidogo. Lakini machozi ya mwenye nyumba hayalazi mtu ndani.

Mchungaji aliwapa pembe ya kiwanja cha kanisa wajenge, ila hawakuwa na kitu cha kujengea. Ndipo Cate, binti wa kanisani aliyesomea mambo ya jamii, akawaeleza kwamba kuna mashirika yanayotoa ruzuku kwa vikundi vya kujisaidia vilivyosajiliwa, na kwamba moja la Nairobi lilikuwa limetangaza linapokea maombi. Cate akawaandikia maombi. Baada ya muda ujumbe ulikuja kwamba mjumbe atawatembelea kuwaona kwa macho kabla ya shirika kuamua.

Chepkirui alielewa vizuri. Wakipata, watajenga. Wasipopata, makufuli yatarudi milangoni, na yeye atabeba mfuko wake kwa mara ya pili. Na kwa umri ule mtu hafukuzwi mara mbili akabaki mzima.

Wangeci aliingia kazini kama mwenye harusi. Alikuwa amewaozesha wadogo zake wa kike, na alijua jinsi nyumba inavyoandaliwa siku ya ruracio, wakwe wanapokuja na mahari yao na macho yao. Siku hiyo mtaa mzima huazimana. Huyu analeta sofa, yule zulia, mwingine thamosi na vitambaa vya kufuma, ili wakwe wasije wakasema binti ametoka kwa watu wa njaa. Hakuna anayeona kwamba huo ni uongo. Ni heshima. Kesho yake kila kitu kinarudi kwa mwenyewe, na wiki ijayo wewe ndiye unayeazimwa.

Basi sofa ikaja kutoka kwa Mama Jamleck, na zulia la maua, na pazia la dirishani, na vikombe vyenye sahani zake. Ukutani wakafunika mabati kwa shuka nyeupe. Watoto wanaoweza kuketi vizuri wakavalishwa nguo za kanisani.

"Na hivi viti vya mitungi tunavipeleka wapi?" Chepkirui aliuliza.

"Vifiche kwako nyuma. Mgeni atasema tunakalisha watoto kwenye takataka."

"Na Kipyegon? Na wengine wanaotokwa na mate?"

Wangeci aliinama kunyoosha zulia. "Na wao pia. Kaa nao huko mpaka aende. Chepkirui, dadangu, nakuomba. Siku moja tu. Usitoke, na usiseme kitu. Unajua mdomo wako."

Mtu mwingine angemwambia hivyo angejibiwa mpaka asahau njia ya kwao. Lakini huyu alikuwa Mama Kui, aliyemwambia ingia basi. Chepkirui alimbeba Kipyegon mgongoni, akawakusanya wengine, akaingia chumba cha nyuma na kurudisha mlango.

Mjumbe alikuwa mwanamke aitwaye Adongo, mpole, mwenye viatu vya kutembelea. Kupitia ukuta wa mabati Chepkirui alisikia kila kitu. Alisikia sofa ikilia Adongo alipoketi. Alisikia chai ikimiminwa. Alisikia Kui akisifiwa kwa nguo yake.

"Changamoto zenu ni zipi, mama?" Adongo aliuliza.

"Aa, hatukosi. Lakini Mungu ametubariki," Wangeci akajibu kwa sauti ile ya ruracio, ambayo mama wa binti hata akiwa hajala tangu jana husema ameshiba. "Kunywa chai, mama. Ongeza mandazi."

"Watoto wengine wako wapi?"

"Wako. Wanaendelea vizuri."

Mazungumzo yakaenda hivyo. Kila Adongo alipofungua mlango kidogo ili shida iingie, Wangeci aliufunga kwa adabu. Mwishowe kikombe kikarudishwa kwenye sahani.

"Kusema ukweli nimefurahi," Adongo alisema. "Mahali ni pasafi, watoto wana afya. Hata sofa yenu inashinda yangu. Lakini sitaki kuwapa matumaini ya bure. Ruzuku hii ni ndogo, na vikundi ni vingi. Kuna kina mama nimewaona jana wanalaza watoto kwenye saruji. Najua mnahamishwa hapa, lakini nyinyi nafikiri mnaweza kupanga kwingine mkingoja."

Chepkirui alingoja Wangeci aseme kitu. Wangeci akasema, "Asante sana. Mungu akubariki kwa kututembelea."

Kipyegon alikuwa mapajani mwa Chepkirui, kichwa kimeanguka nyuma, na saa ya uji ilikuwa imefika. Mkono wa Chepkirui ulikuwa umeshika mpini wa sufuria ya uji wa wimbi, na aliutazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine. Aliujua ushikaji huo. Ndivyo alivyoshika birika siku ile uani, watu wakimgawa kama mbuzi wa sherehe huku yeye akiwaongezea chai. Alikuwa na adabu siku ile. Adabu ile haikumwachia hata jembe.

Alisukuma mlango kwa bega.

Aliingia na Kipyegon kiunoni, akikokota kiti cha mtungi, sufuria ya uji ikiwa ndani yake, juu ya zulia la watu. Watoto wengine walianza kumlilia Gogo wao kutoka chumba cha nyuma, kila mmoja kwa sauti aliyojaliwa. Wangeci alisimama, mkono mdomoni.

"Habari yako, mama," Chepkirui alimwambia Adongo. "Samahani, huyu ni lazima ale sasa, na mimi nina mikono miwili tu. Njoo unishikie."

"Mimi?"

"Kuna mwingine amesimama? Shika hapa shingoni. Si hivyo, unamkaba. Mshike kama unashika yai la jirani."

Adongo aliweka mkoba chini, akapiga magoti kwenye zulia. Alishika. Chepkirui akatia uji mdomoni kwa kijiko kidogo, akingoja, akisugua koo la mtoto kwa kidole, akiimba ule wimbo wa ng'ombe. Kipyegon alimeza. Uji mwingine ulimwagikia mkono wa mgeni.

"Hiki kiti mlikinunua wapi?" Adongo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Tumekikata wenyewe. Ni mtungi. Hiyo ndani ni sweta ya marehemu mume wangu. Wameninyang'anya shamba lake lakini sweta nilikuwa nimeivaa."

"Chepkirui," Wangeci alinong'ona, "umenivua nguo mbele ya mgeni."

"Mama Kui, wewe ndiye ulinivika. Siwezi kukuvua. Lakini zulia hili si letu, na huyu mama anaondoka akidhani ni letu."

Kabla mtu hajasema neno jingine, mlango wa mbele ukabishwa, na Jamleck, kijana wa jirani, akachungulia akiwa na mkokoteni nje.

"Niaje, Mathe. Samahani, madam. Mathe wetu amenituma sofa. Wajomba wamefika mapema na wamesimama tu hapo nyumbani."

Wangeci alijifunika uso kwa aproni. Jamleck alisimama kwa heshima zote akisubiri, na mgeni akatazama sofa, akamtazama Jamleck, akaitazama shuka nyeupe ukutani, ambayo upepo ulikuwa umeanza kuiinua ili mabati yenye kutu yatoe salamu. Adongo ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Boss, chukua sofa yako," alisema. "Kwetu pia tuliazima ng'ombe siku ya mahari yangu. Ng'ombe mmoja alikataa kurudi kwao."

Hapo hata Wangeci akacheka ndani ya aproni. Sofa ikatoka. Adongo akageuza ndoo, akaikalia, na kusema, "Haya, mama. Tuanze tena. Mimi si mkwe."

Na Wangeci, ambaye hakuwahi kumwambia mtu yeyote yaliyokuwa moyoni mwake, alisimulia habari ya kufuli. Alisimulia alivyokuwa akifika sokoni na kuwaza moto, akiwaza panya, akipima sukuma wiki huku masikio yake yako nyumbani. Alisema huku akimtazama Kui, na Kui alikuwa akimchekea. Chepkirui aliendelea kulisha. Hakuongeza lake, hilo lilikuwa la Wangeci.

Adongo alikaa mpaka jua likaanza kuinama. Alipoondoka alisema, "Siamui peke yangu, nisiwadanganye. Lakini nitawaambia wenzangu niliyoyashika kwa mkono wangu."

Walingoja. Watu wa kijana wa Hiram walikuja kupima ardhi kwa kamba, wakapigilia vigingi mpaka karibu na jiko la Chepkirui, naye akawatukana kwa Kikalenjin ili Mungu asielewe sana. Katika shukrani za asubuhi alianza kuutaja mlango kwa sauti ya kuaga. Wangeci hakumlaumu tena, ila siku moja waliposhona kiti pamoja alisema tu, "Hata tukikosa, nashukuru nimeutoa ule mzigo wa kufuli."

Simu ilimpata Wangeci sokoni. Alikuja mbio akiwa bado na kisu cha kukatia mboga mkononi, watu wakimpisha njia mpaka mlangoni. Alimkumbatia Chepkirui, kisu akikishika mbali na mgongo wake, akalia kwenye bega lake mpaka leso ikalowa. Walikuwa wamepata. Ruzuku ingetosha kuta za mawe na paa. Ua wa kuzunguka nyumba ingebidi wajitengenezee wenyewe.

"Na wale wa kwenye saruji?" Chepkirui aliuliza.

Wangeci alifuta macho. Adongo alikuwa amelisema hilo pia. Wale nao walipata kidogo, na shirika liliomba Bebana wawafundishe kukata viti vya mitungi. Chepkirui akasema sawa, ila waje na sweta zao.

Nyumba ikasimama kwenye pembe ya kiwanja cha kanisa, na ua wakapanda wa kayaba, miba inayojua kazi yake. Siku ya kufungua, Wangeci alileta tena sofa ya Mama Jamleck, kwa kuwa sherehe ni sherehe, lakini viti vya mitungi vilipangwa mbele, njano na bluu, na Kipyegon alikaa katikati kama chifu. Adongo alikuja. Mzee Hiram alikuja na kofia yake na mfuko wa sukari. Chumba cha karibu na mlango, chenye dirisha linalofunguka upande wa jua, kilikuwa cha Chepkirui, na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwake kwa uzi.

Aliposikia vikombe vikipangwa aliinuka kwenda kuchukua birika. Wangeci akamshika bega, akamrudisha chini.

"Kaa, Gogo. Leo unaandaliwa."

Akaketi. Wangeci akamjia na birika, akammiminia mbele ya watu wote, kabla ya mchungaji na kabla ya mgeni. Chepkirui alionja. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno, na maziwa yalikuwa machache kiasi kwamba huko Olenguruone wasingempa hata mpita njia. Alimtazama Mama Kui, aliyesimama pale akingoja, jasho likimtiririka na macho yakimng'aa.

Akanywa mpaka mwisho bila kusema neno. Mara hii alinyamaza kwa hiari yake.